Kikapu Kati Yangu na Mama Mkwe

Kila Jumapili baada ya kanisa nilikunja mikono ya shati, nikatandika gunia kwenye veranda ya ploti yetu Kangemi, nikaanza kuifungua pikipiki yangu. Si kwamba ilikuwa mbovu. Niliifungua kwa sababu niliweza. Majirani walipita na ndoo zao za maji wakanikuta nimepiga magoti, spana mkononi, na nilipenda sana kukutwa hivyo. Mafundi wa stejini sikuwataka hata kuwasikia. Nilisema ni wababaishaji, watu wa kukutolea kipuri kizima na kukuwekea kikuukuu huku wanakuuliza habari za nyumbani. Pikipiki yangu ingeguswa na mkono wangu, basi.

Mke wangu alikuwa na maoni yake. Aliwahi kukuta oili chafu ndani ya beseni la kuogeshea mtoto, akaninunia kutwa nzima, na kununa kwake kunaumiza kuliko kelele. Siku nyingine alinikuta nikisugua kabureta kwa mswaki, akauliza mswaki wa nani, nikasema wa zamani. Haukuwa wa zamani. Lakini kilichomchekesha zaidi ni kopo la maziwa ya unga nililoliweka kwenye dirisha la jikoni. Kila nilipoifungua pikipiki na kuifunga tena, nati moja au mbili zilibaki, nami nikazitia humo.

"Kwani waliotengeneza hii kitu walikuwa na nati za kutupa?" aliniuliza.

"Huwa wanaweka za ziada," nikamjibu, macho makavu.

Kava ya cheni iliondoka kwa mtindo huohuo. Ni bati jeusi linalofunika cheni upande wa kushoto, kutoka kwenye injini hadi gurudumu la nyuma. Pamoja nalo kulikuwa na wavu mdogo wa chuma uliofungwa ubavuni mwa gurudumu hilo, ili nguo za abiria zisimezwe. Vyote viwili vilikuwa vikigongana kwenye kila tuta, na mimi sikutaka pikipiki yangu initangaze nikiingia mjini. Nikavifungua, nikavisukuma chini ya kitanda. Cheni ikabaki wazi, inang'aa mafuta, na nilipoitazama niliona inapendeza.

"Utarudisha lini?" mke wangu aliuliza kila alipofagia na ufagio ukagonga bati.

"Jumapili."

Jumapili zikapita, nikifungua vitu vingine ambavyo havikuhitaji kufunguliwa. Sikuona haraka yoyote. Mimi si mtu wa bodaboda. Nafanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili mjini, ghorofa ya juu ambako lifti hufanya kazi ikijisikia, na pikipiki ni ya kunifikisha huko bila kukwama barabarani. Abiria wangu alikuwa mke wangu tu, na mke wangu akipanda pikipiki huvaa suruali.

Sasa nieleze habari ya mama mkwe, maana asiyetoka kwetu anaweza kudhani nilikuwa na ugomvi naye. Sina. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbalimbali. Hawapeani mikono. Hawatazamani usoni. Yeye akiwa sebuleni wewe unakaa nje, na mkikutana njiani, mmoja wenu atatafuta pa kupishia. Kulala nyumbani kwangu ni jambo ambalo hata halizungumzwi. Nimekuwa na binti yake miaka mingi, na kama ungeniomba nikueleze sura ya mama huyo, ningekueleza viatu vyake. Sauti yake ndiyo naijua, kwa sababu alikuwa akinisalimia akiwa nyuma ya ukuta.

"Mkwe wangu, hamjambo huko?"

"Hatujambo, mama."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu, na tulipendana hivyohivyo.

Mwaka huu macho yake yakamwishia. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani bila mtu kulishughulikia. La kulia likaingiwa na mtoto wa jicho, hadi akawa anaona mwanga na vivuli tu. Walimkuta siku moja anamkemea mbuzi akidhani ni mjukuu wake, na nyumba nzima ikacheka, kisha ikaacha kucheka. Mke wangu alihangaika hadi akampatia nafasi katika kliniki moja ya macho mjini, ambako madaktari wageni walikuwa wamekuja kufanya upasuaji kwa siku chache. Mgonjwa aliyepangiwa siku yake alitakiwa afike asubuhi. Akikosekana, nafasi inakwenda kwa mwingine, na yeye atangoja madaktari hao warudi, na hakuna aliyejua watarudi lini. Jicho lenyewe halikuwa la kungoja. Daktari wa kule nyumbani alisema likicheleweshwa litamfuata mwenzake.

Basi mama akaja Nairobi, akafikia Waithaka kwa shemeji yangu, dada mdogo wa mke wangu, ambaye alikuwa ametoka tu kujifungua. Mpango ulikuwa safi. Jirani mmoja mwenye gari angempeleka mama mjini. Mke wangu angetangulia kliniki kumshikia foleni. Mimi ningekaa ofisini, mbali kabisa, nikipiga simu kuuliza hali.

Asubuhi hiyo gari la jirani likakataa kuwaka. Nilikuwa bado Kangemi, ndio namaliza kunywa chai, simu ilipolia.

"Enda uchukue mama na pikipiki," mke wangu akasema. Nyuma yake nilisikia watu wengi na mtu anaita majina.

"Mimi? Nimbebe mama?"

"Wewe."

"Si watafute boda hapo Waithaka?"

"Boda ambebe mtu haoni, hajawahi panda pikipiki maisha yake yote, apite naye mbio katikati ya matatu? Wewe najua unaendesha pole. Harakisha, wameanza kuita."

"Lakini ni mama mkwe."

Nilidhani ameelewa.

"Baba watoto," akasema, "unataka mama yangu akuwe kipofu juu ya aibu yako?"

Akakata simu.

Nilipiga moyo konde, nikawasha pikipiki. Njia nzima ya kwenda Waithaka nilikuwa nikiomba lile gari likubali kuwaka kabla sijafika. Halikukubali. Nilimkuta mama amesimama langoni, amevaa sare ya kina mama wa kanisa, blauzi nyeupe na sketi pana ya buluu iliyofika kwenye vifundo, na leso amejifunga juu yake. Hospitali ni mahali pa kwenda umependeza. Nayasema haya kwa kuwa niliyaona kwa jicho la pembeni, upesi upesi, kisha nikahamishia macho kwenye tangi la pikipiki na kuyaacha hapo.

Shemeji alikuwa na kichanga mgongoni. Alimvalisha mama yake helmeti yangu ya akiba juu ya kitambaa, akaifunga kidevuni. Mama alishika kikapu chenye blanketi, thermosi ya chai na sahani yake.

"Mkwe wangu," akasema, uso ameuelekeza kwenye ukuta wa ploti. "Shida ndiyo imetufikisha hapa. Utanisamehe."

"Hapana, mama. Wewe ndiye utanisamehe."

Tukawa tumeombana msamaha kabla ya kukoseana.

Hapo ndipo tulipojenga ukuta wetu, na hakuna aliyeamrisha ujengwe. Mimi nilikaa mbele kabisa, nikawa karibu kulikalia tangi. Yeye akapandishwa na binti yake, akakaa upande, miguu yote miwili kushoto, kwa sababu mama wa heshima zake hawezi kutanua miguu nyuma ya mume wa mwanawe. Kikapu kikawekwa katikati yetu. Kilikuwa kikapu kikubwa, kwa hiyo kikamsukuma nyuma hadi kwenye keria ya kubebea mizigo, na miguu yake, ambayo sasa haikuwa na pa kukanyaga, ikaning'inia kando ya gurudumu. Mkono mmoja alishikilia keria, wa pili akashikilia kikapu. Hakuna hata uzi wake uliogusa jaketi langu. Sote wawili tukaridhika kabisa.

"Shemeji, hebu angalia hiyo leso yake huko chini," shemeji akasema.

Watu wa boda wote wa Nairobi huliangalia jambo hilo kabla ya kuondoka: nguo ya mama iko wapi. Ni kugeuka tu na kutupia jicho miguu ya abiria. Lakini miguu ile ilikuwa ya mama mkwe wangu, na shingo yangu ilikataa kugeuka.

"Iko sawa," nikasema. Sikuwa nimeangalia.

Tukaondoka. Niliendesha mwendo wa bi harusi. Kawangware tulipitwa na kila mtu, wakiwemo wasukuma mikokoteni, na kijana mmoja wa boda akanipigia honi akasema, "Mzee, hiyo ni pikipiki ama ni mazishi?" Nilikuwa nahesabu kila shimo la barabara kwa niaba ya mtu aliye nyuma yangu. Nilitaka kumuuliza kama yuko salama, lakini kumuuliza kungenilazimu nigeuze kichwa, na nikigeuza kichwa ningemkuta pale usoni pangu. Nikabaki nikikohoa. Naye kila nilipokohoa alikohoa pia, na nikachukua hiyo kuwa habari njema.

Nakiri kwamba kufikia Valley Arcade nilianza kujivunia. Nilijiona mkwe bora kuliko wakwe wote wa Bungoma. Cheni niliyoitia mafuta kwa mkono wangu haikutoa hata mlio. Nikawaza jinsi mke wangu atakavyotuona tunaingia pale kliniki, na vile nitakavyosema kwa unyenyekevu kwamba ilikuwa kazi ndogo tu.

Tukaingia Kileleshwa, kwenye zile barabara za miti na maghorofa yenye mageti ya umeme. Palikuwa na tuta mbele ya geti moja. Nikapunguza, gurudumu la mbele likapanda, likashuka. La nyuma likapanda. Lilipokuwa linashuka nilisikia kitu kama mtu anapasua shuka, pikipiki ikavutwa nyuma, gurudumu likakwama, nasi tukalala taratibu upande wa kushoto.

Mwendo ulikuwa mdogo mno hata kuanguka kwenyewe hakukuwa na haraka. Mama aliteleza akakaa kwenye majani ya kando ya barabara. Kikapu kikaviringika, thermosi ikapasuka, chai ikamwagika hadi kwenye mtaro. Mimi nilitoka nikiwa nimechubuka kiwiko tu. Niliruka, nikazima injini, nikatazama cheni.

Leso ilikuwa imeingia. Ilikuwa imezungushwa kwenye meno ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu dogo linalobeba cheni, pale ambapo kava ingekuwa imelala, na ilipoingia haikwenda peke yake. Iliivuta sketi ya buluu pamoja nayo, mpira wa kiunoni ukakatika, sketi nzima ikafuata.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kando ya barabara ya Kileleshwa amevaa petikoti nyeupe tu.

Niliona weupe huo kufumba na kufumbua, nikageuka. Nilimpa mgongo mara moja, nikakazia macho ukuta wa ile ghorofa kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze mimi, pikipiki na spana zangu zote. Nikavua jaketi, nikalinyoosha nyuma yangu kwa mkono mmoja bila kugeuka.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia." Nikamsikia anainuka. "Mkwe wangu, nguo yangu iko wapi?"

"Imeingia kwenye cheni, mama. Chukua jaketi hili ujifunge."

"Liko wapi?"

"Hapa mbele yako."

"Mbele yangu wapi? Mimi sioni."

Gari likapita karibu yetu, likapiga honi kubwa. Nikasikia viatu vyake vinaburuzika kwenye lami. Alikuwa amegeukia upande usiofaa. Alikuwa akiifuata honi.

"Nipe mkono," akasema. "Mkwe wangu, uko wapi? Nipe mkono."

Nilimsikia. Siwezi kusema kwamba sikumsikia, kwa kuwa hata sasa, nikiwa nimekaa ofisini na faili zangu, namsikia. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nami nilisimama vilevile, kisogo kwake, nikilitikisa lile jaketi nyuma yangu, nikisema, "Niko hapa, mama, niko hapa," kwa sauti ya mtu mwenye heshima.

Aliyempa mkono ni mwanamke mmoja mfanyakazi wa nyumba, aliyekuwa ametoka getini na mbwa wa mwajiri wake. Aliutupa ule mkanda wa mbwa kwenye nguzo ya geti, akakimbia, akamshika mama mkono na kumtoa barabarani. Kisha akalinyakua jaketi kutoka mkononi mwangu kwa nguvu.

"Wewe ni mtu wa aina gani?" akaniuliza. "Si umshike? Huoni haoni?"

"Ni mama mkwe," nikauambia ukuta.

Nilijua ameelewa, na nikangoja anihurumie.

"Hata sisi kwetu tuko na hiyo," akasema. "Lakini si kwa barabara."

Alimzungushia mama jaketi kiunoni, akamkalisha kwenye jiwe la kando ya geti, akaingia ndani mbio na kurudi na leso yake mwenyewe. Nilisikia anamfunga, wanasemezana kwa lugha ya kwetu, mama anamshukuru na kumwombea watoto. Mbwa alikuwa akinitazama mimi. Nikapiga magoti kando ya pikipiki nikajitia kushughulika na cheni, lakini kitambaa kilikuwa kimekazwa hata gurudumu halisogei mbele wala nyuma. Simu ikalia mfukoni. Mikono ilikuwa imejaa grisi, nikaipokea hivyohivyo.

"Mko wapi?" mke wangu akauliza. "Wameita jina lake. Nimewaambia mko kwa geti."

"Tuko Kileleshwa. Tumepata shida kidogo na cheni."

Nilisikia anavuta pumzi tu. Yule mwanamke wa mbwa alikuwa amesikia vyote, na kabla sijakata simu alikuwa amesimama katikati ya barabara akisimamisha boda iliyokuwa inapita.

Kijana wa boda akashuka. Alimtazama mama, akaitazama pikipiki yangu, akainama kwenye cheni.

"Kava iko wapi, mkubwa?"

"Iko nyumbani."

"Na inafanya nini nyumbani?"

Hakungoja jibu. Akamwendea mama, akamshika kiwiko bila woga wowote. "Mama, leo utakaa kama mwanaume, sawa? Weka mguu hapa. Huu mwingine hapa. Hii leso tunaipandisha, tunaikunja, unaikalia. Haya. Sasa nishike kiunoni. Nishike kabisa, usiniogope, mimi ni mtoto wako."

Mama akamshika. Nilikuwa nimegeuka sasa, maana wote walikuwa wakimtazama mama. Mikono yake yote miwili ilimzunguka yule kijana ambaye hajawahi kumwona wala hatamwona tena, akaegemeza shavu mgongoni mwake, na mabega yake yakashuka. Kumbe muda wote aliokuwa nyuma yangu alikuwa ameyakaza.

"Mkwe wangu anakuja?" akauliza.

"Anakuja na kikapu," yule mwanamke akamjibu.

Wakaenda. Kikapu hicho ndicho nilichobaki nacho. Mlinzi wa geti alinipa kisu, nikakaa chini kukata sare ya kanisa ya mama mkwe vipande vipande kutoka kwenye cheni yangu, watu wa Kileleshwa wakipita na magari yao na kunitazama. Ilikuwa ya kitambaa kizuri. Ilikuwa imeshonwa kwa mkono kwenye pindo, mishono midogo midogo, ya wakati alipokuwa bado anaona tundu la sindano.

Nilipofika kliniki mke wangu alikuwa amekaa kwenye benchi, viatu amevua. Mama alikuwa ameingizwa. Walikuwa wameita jina la mtu wa kuchukua nafasi yake, na mtu huyo alikuwa ameshasimama, ndipo yule kijana wa boda akaingia anamwongoza mama kwa mkono, helmeti bado kichwani. Niliweka kikapu chini. Nilingoja kuadhibiwa.

"Mama aliniuliza kama umeumia," mke wangu akasema.

"Alikwambia nini kingine?"

"Kwamba leso iliingia kwa cheni ukasimamisha vizuri." Akanitazama kiwiko. "Umeumia?"

Nikasema sijaumia. Nilingoja aendelee, lakini hapakuwa na zaidi. Mama hakumwambia habari ya mkono. Na mimi, ambaye nilikuwa na nafasi nzuri ya kumwambia, nilimuuliza kama amekunywa chai.

Jioni hiyo niliitoa kava chini ya kitanda, na wavu wake. Vilikuwa na vumbi la miezi. Nati zake nilizikuta kwenye kopo la dirishani, zote zipo, zilikuwa zinaningoja. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama nikifunga, na hakunitania. Ningelipa chochote anitanie. Kwenye meno ya sproketi kulikuwa bado na nyuzi za buluu, nikazitoa moja moja kwa bisibisi. Kisha nikanawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga hadi ngozi ikawasha, kwa kuwa nilikuwa nimeamua jambo. Mama alikuwa amelazwa kliniki; kesho yake bandeji ingefunguliwa, angeshuka kwa ngazi kutoka ghorofa ya juu, na safari hii ningempa mkono. Mila na ilale kidogo. Nilijiambia kwamba nikimpa huo mkono tutakuwa tumemalizana.

Asubuhi nilifika mapema. Mke wangu alikuwa ameshuka kuchukua dawa ya matone, gari la jirani lilikuwa limepona na linangoja chini, na mimi nilisimama kwenye mlango wa chumba nikiwa sijui niingie au nirudi. Muuguzi alikuwa anaondoa bandeji.

"Haya, mama. Fungua pole pole. Unaona nini?"

Mama alifungua jicho. "Naona dirisha," akasema. "Naona ndege kwenye waya. Naona mikono yangu." Akaigeuzageuza mikono hiyo, mbele na nyuma. "Imezeeka."

Muuguzi akacheka. "Na huyu mlangoni ni nani?"

Mama akageuka. Nilidhani nitauona uso wake sasa, na nilikuwa tayari. Lakini yeye aliinamisha macho moja kwa moja hadi sakafuni.

"Hivyo ni viatu vya mkwe wangu," akasema.

Vilikuwa vilevile vyeusi nilivyovaa kila nilipokwenda kwao. Muuguzi akatuelekeza kwenye ngazi, akasema mama ashikwe, asije akapata kizunguzungu. Nikachukua kikapu kwa mkono wa kushoto. Ngazi zilikuwa ndefu na zenye kona. Nikasimama kando yake, nikanyoosha mkono wa kulia, safi, nimeufungua kabisa.

Aliutazama. Najua aliutazama, kwa kuwa hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama yeye usoni.

"Asante, mkwe wangu," akasema, kwa sauti yake ileile ya nyuma ya ukuta, bila hasira hata chembe. "Leo ngazi naziona. Jana ndipo nilikuwa sioni."

Akashika chuma cha ukutani, akaanza kushuka mwenyewe. Mimi nikamfuata nyuma na kikapu.